Samani kuukuu na kishamba cha mboga: mwongozo kwa wanandoa wanaoishi Uingereza

Wanandoa wengi wanaotoka Afrika Mashariki kwenda kuishi Uingereza hushangazwa na bei za vitu viwili. Kabati la mwaloni lililotengenezwa kabla ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia mara nyingi huuzwa kwa bei ya chini kuliko kabati jipya la chipubodi (ubao wa vipande vidogo vya mbao vilivyoshindiliwa kwa gundi), na halmashauri za miji hukodisha vishamba vya mboga kwa ada ya mwaka ambayo familia yenye kipato cha kawaida huimudu. Mume wangu na mimi tunaishi Leicester, sote wawili tumeajiriwa, na kazi hizi mbili ndizo zinazojaza jioni zetu na mwisho wa wiki. Mwongozo huu unaeleza namna ya kuziendesha kwa pamoja, kwa sababu nimewaona wenzetu kadhaa wakianza moja, wakaivamia ya pili katika msimu usio wake, kisha wakaziacha zote mbili.

Kalenda kwanza

Kabla ya kuchagua meza au mbegu, kubalianeni juu ya kalenda. Dar es Salaam, tofauti kati ya mchana mrefu kuliko yote na mchana mfupi kuliko yote haifiki saa moja. London, mchana huzidi saa 16 na nusu mwishoni mwa Juni na hupungua chini ya saa 8 mwishoni mwa Desemba. Udongo, basi, unadai jioni zenu zote kuanzia Machi hadi Septemba, na mbao zipewe miezi inayobaki. Anayenunua meza ya kukwangua rangi mwezi wa Mei ataiona imekaa kibandani nusu uchi hadi Novemba, na miche iliyochelewa kwa ajili yake haitapata mwezi mwingine wa kufidia.

Baridi nayo ina masharti yake. Mafuta na vanishi hukauka kwa shida joto likiwa chini ya nyuzi 10 za Selsiasi, na vanishi ya sheraki ikipakwa penye unyevunyevu hufanya ukungu mweupe usoni. Kwa sababu hiyo kazi za vumbi na harufu kali, yaani kukwangua, kupiga msasa na kutumia dawa za kuondolea rangi, zifanyike nje katika siku kavu za Oktoba au Februari, ilhali kugundisha na kupaka nta zifanyike katika chumba chenye joto, dirisha likiwa wazi kidogo. Wapangaji wamwombe mwenye nyumba ruhusa kwa maandishi, kwani zulia lililomwagikiwa gundi hukatwa kwenye amana.

Kuchagua samani inayostahili jasho

Samani kuukuu hupatikana katika maduka ya mashirika ya hisani, kwa mfano yale ya British Heart Foundation yanayouza fanicha, katika minada ya miji midogo, na kwa watu wanaohama nyumba ambao hutangaza kwenye Facebook Marketplace au kugawa bure kupitia Freecycle. Samani za rangi ya kahawia iliyokolea zimeshuka bei sana tangu mwanzo wa karne hii, kwa kuwa vijana wa nchi hiyo wanapenda vitu vyepesi na vyeupe. Hasara yao ni faida yetu.

Yapo majina yanayofaa kujulikana. High Wycombe, mji wa kusini ulio maarufu kwa viti, ndiko kampuni ya Ercol ilikoanzishwa mwaka 1920, na huko huko kampuni ya E. Gomme ilianzisha samani za G-Plan mwaka 1953. Zipo pia samani zilizotengenezwa kwa amri ya serikali kati ya 1942 na 1952, wakati mbao zilipokuwa adimu kwa sababu ya vita. Hizi zina mhuri wa CC41, mara nyingi nyuma ya kabati au ndani ya droo. Hazina nakshi, lakini maungo yake ni ya ulimi na tundu yaliyokatwa kwa nidhamu, na mimi humshauri mtu anayeanza atafute mhuri huo kabla ya kutafuta kitu cha kupendeza.

Dukani, msitazame uso wa meza. Tazameni mgongo wake. Chomoeni droo, igeuzeni, na mwangalie pembe zake. Meno ya mbao yaliyoingiliana, tena yasiyolingana sawasawa, ni dalili ya msumeno wa mkono; meno yanayolingana kabisa ni ya mashine; pini na gundi peke yake ni dalili ya kuondoka. Tikiseni kiti kwa kukishika mgongoni, kwa maana maungo yaliyolegea yanatengenezeka, lakini mguu uliopasuka kwa kufuata nyuzi karibu na tundu lake utawasumbua. Kagueni pia kama uso ni mbao nzima au ni vinia, yaani tabaka jembamba la mbao nzuri lililobandikwa juu ya mbao ya kawaida. Mistari ya nyuzi isiyoendelea kutoka usoni hadi ukingoni inaonyesha kuwa ni vinia.

Nimekulia Muheza, karibu na mashamba ya msaji ya Longuza, na kwa hiyo macho yangu hukimbilia msaji. Uingereza samani nyingi za miaka ya 1950 na 1960 zinazoitwa za msaji ni za vinia ambayo mara nyingi haifiki milimita moja. Msasa wa mashine huimaliza vinia hiyo kwa pumzi chache, na chini yake hujitokeza chipubodi isiyofichika kwa rangi yoyote. Msaji una tabia nyingine: mafuta yake ya asili huzuia gundi kushika, hivyo futeni sehemu ya kugundishwa kwa asetoni au spiriti muda mfupi kabla ya kupaka gundi.

Kuhusu makochi na viti vyenye sponji, sheria ya usalama wa moto ya mwaka 1988 inataka vinavyouzwa kibiashara viwe na lebo ya kuthibitisha kuwa kitambaa na sponji haviwaki kwa urahisi, na samani zilizotengenezwa kabla ya 1950 zimeachwa nje ya sharti hilo. Mashirika ya hisani hukataa kochi lisilo na lebo. Msiikate lebo hata kama inachungulia vibaya, kwa sababu siku mtakapotaka kuliuza au kulitoa sadaka ndiyo itakayoulizwa.

Wadudu wasivuke kizingiti

Samani yoyote ikaguliwe nje kabla haijaingia ndani. Matundu ya mviringo yenye upana wa milimita 1 hadi 2 ni njia walizotokea wadudu wanaobungua mbao. Matundu peke yake hayaonyeshi kama wadudu bado wamo, kwani buu hukaa ndani ya mbao kwa miaka kadhaa na mdudu mzima hutoka kati ya mwisho wa machipuko na kiangazi, akiacha tundu ambalo halizibiki. Jambo la kutazama ni unga. Gongeni mbao kwa ngumi juu ya karatasi nyeusi: unga mweupe mpya, unaochururika kama unga wa sembe, unaonyesha kuwa kazi inaendelea humo ndani, vumbi jeusi lililogandamana ni historia.

Kitu kidogo, kama stuli au fremu ya picha, kinaweza kufungwa kwenye mfuko wa plastiki usiopitisha hewa na kuwekwa kwenye friza yenye nyuzi 18 chini ya sifuri kwa wiki mbili au zaidi, kisha kikaachwa kiyeyuke kikiwa bado mfukoni ili unyevu usikigande. Kitu kikubwa hupakwa dawa yenye pemetrini kwa brashi na sindano. Dawa hiyo ni sumu kali kwa paka na samaki; mwenye paka asubiri mbao ikauke kabisa, tena mahali ambapo mnyama hafiki.

Sabuni kabla ya msasa

Watu wengi wakipata samani kuukuu hukimbilia msasa, na hapa ndipo ninapotofautiana nao kabisa. Rangi nyeusi wanayoiona usoni, mara nyingi, ni moshi wa sigara, mafuta ya mikono na nta ya miaka mingi iliyokamata vumbi. Mbao iliyo chini haina kosa. Anzeni na maji ya vuguvugu yenye matone machache ya sabuni ya vyombo na kitambaa kilichokamuliwa hadi kikaribie kuwa kikavu. Mfute sehemu yenye ukubwa wa sahani, mkaushe papo hapo, kisha mhamie nyingine. Utando unaonata ukibaki, tumieni spiriti nyeupe ya kuyeyushia rangi na pamba laini ya waya wa chuma yenye namba 0000, mkisugua kwa kufuata nyuzi za mbao. Kwa mwaloni wekeni kando waya wa chuma, kwa sababu chembe zake zikikutana na maji na tanini ya mbao hiyo huacha madoa meusi. Sifongo ngumu ya nailoni inatosha.

Uso ukishakuwa safi, utambueni umepakwa nini. Chagueni mahali pasipoonekana, kama vile upande wa ndani wa mguu, na mguse kwa pamba yenye spiriti ya kuwashia, ile ambayo Uingereza hutiwa rangi ya zambarau. Uso ukianza kunata ndani ya dakika moja, hiyo ni sheraki. Usiponata, jaribuni kwa thina ya selulosi. Ukilainika, hiyo ni laka ya kiwandani. Usipotikiswa na chochote kati ya hivyo viwili, basi ni vanishi ya plastiki ya miaka ya karibuni, na uamuzi wa kuiondoa ufikiriwe mara mbili maana ni kazi ya jasho.

Sheraki ni utomvu wa wadudu wadogo wanaoishi juu ya miti ya India na Thailand. Huuzwa ikiwa vipande vikavu vya rangi ya asali, navyo huyeyushwa katika ile spiriti ya kuwashia. Uzuri wake kwa mrekebishaji ni kwamba tabaka jipya huliyeyusha la zamani kidogo na kuungana nalo, hivyo uso uliochakaa hufufuliwa bila kukwanguliwa. Chukueni pamba, muifunge ndani ya kitambaa kisichotoa manyoya, mkaze hadi pawe na kifundo chenye ukubwa wa yai. Kanga iliyofuliwa miaka mingi inafaa kuliko kitambaa chochote kinachouzwa katika maduka ya vifaa vya ujenzi, mradi isiwe bado inachuja rangi. Sheraki imiminwe ndani kwenye pamba, si juu ya kitambaa, na kifundo kibonyezwe juu ya karatasi hadi kiache alama ya unyevu isiyo na tone. Tone moja la mafuta juu ya kifundo litakizuia kugota. Kisha kiingizwe ubaoni kikiwa tayari katika mwendo, kama ndege anayetua, kizungushwe kwa miduara midogo inayopishana, na kiondolewe bila kusimama. Kifundo kikisimama hata kwa nukta moja kitanasa, na mahali hapo patabaki na kovu la kitambaa. Mikono huzoea baada ya jioni chache, na tabaka nyembamba nyingi zilizopakwa kwa subira zina mng'ao ambao brashi haiwezi kuuleta.

Alama nyeupe za vikombe kwa kawaida ni unyevu uliokwama ndani ya sheraki, nazo huondoka kwa kupitishiwa haraka kitambaa kilichoguswa tu na spiriti hiyo ya kuwashia, au kwa kusuguliwa taratibu na jivu laini lililochanganywa na mafuta kidogo. Alama nyeusi ni maji yaliyofika kwenye mbao yenyewe; zinahitaji asidi ya oksaliki, ambayo ni sumu, na mimi kwa kawaida huziacha. Meza yenye alama moja nyeusi bado ni meza.

Kwa maungo yaliyolegea, kumbukeni kuwa samani za kabla ya miaka ya 1950 ziligundishwa kwa gundi ya ngozi na mifupa ya wanyama, ambayo hulegea kwa joto na maji. Kitambaa chenye maji ya moto kikizungushwa kwenye kiungo, kisha nyundo ya mpira ikagonga taratibu, kiungo hufunguka bila kuvunjika. Gundi nyeupe ya kisasa haishiki juu ya gundi ya zamani, hivyo tundu na ulimi vikwanguliwe hadi mbao ionekane. Gundi ya wanyama, kwa upande wake, hushika juu ya ile ya zamani, nayo huyeyushwa kwenye chombo kilichowekwa ndani ya maji ya moto ya nyuzi 60 hivi, bila kuchemka. Asiye na vibano azungushe kamba miguuni mwa kiti na kuisokota kwa kijiti hadi ikaze, akiache kijiti kimeegemea mguu hadi kesho yake.

Viti vilivyosukwa kwa henzirani hutupwa kwa sababu tu kikalio kimetoboka, nasi watu wa pwani, ambao tumewaona wazee wakiwamba vitanda kwa kamba, hatuna sababu ya kuogopa. Nyuzi za henzirani hulowekwa majini hadi zilainike na hupitishwa kwa hatua sita, mbili za wima, mbili za ulalo na mbili za mshazari. Huo ni ususi, na unaweza kufanywa mbele ya televisheni.

Yako mambo mawili ya hatari ambayo hayana mjadala. Rangi ya kabla ya miaka ya 1970 inaweza kuwa na risasi, hivyo ipimwe kwa vijiti vya kupimia vinavyouzwa madukani, na ikithibitika isipigwe msasa mkavu kamwe, hasa katika nyumba yenye mtoto au mama mjamzito. La pili ni matambara yaliyolowa mafuta ya kitani: yakikunjwa na kutupwa kwenye pipa hujipasha joto yenyewe hadi kuwaka moto, pasipo kiberiti. Yatandazwe nje yakauke bapa, au yalowekwe kwenye maji ndani ya kopo la chuma lenye mfuniko.

Samani iliyokamilika isiwekwe karibu na radieta, yaani kipasha joto cha ukutani. Joto la nyumba wakati wa baridi hukausha hewa, mbao husinyaa, na vinia hupasuka. Unyevu wa hewa wa kati ya asilimia 40 na 60 ndio unaozifaa. Hili linahusu pia masanduku ya Zanzibar ambayo baadhi yetu tumeyasafirisha kutoka nyumbani, kwa maana mbao iliyozoea hewa ya bahari hupata mshtuko mkubwa zaidi.

Kupata kishamba

Sheria ya Uingereza ya mwaka 1908 inazitaka halmashauri kutoa vishamba pale ambapo wakazi wanavihitaji. Kishamba kamili kwa desturi kina ukubwa wa mita za mraba 250 hivi. Ombeni nusu yake, hata kama mume, kama wangu aliyekulia Njombe kwenye viazi, atasema kuwa hiyo ni bustani ya kuchezea. Jiandikisheni mapema kwenye orodha ya kusubiri, kwani katika miji mingi, London hasa, foleni hiyo huchukua miaka. Sheria ya 1922 inaeleza kuwa mazao ya kishamba cha namna hii ni kwa ajili ya matumizi ya mkulima na familia yake zaidi ya yote, kwa hiyo msikipangie biashara. Jambo ambalo wengi hawalijui ni kuwa sheria ya 1950 inaruhusu kufuga kuku na sungura humo, lakini si majogoo.

Samani zinaweza kuuzwa, na mapato ya biashara ndogo yasiyozidi pauni 1,000 kwa mwaka wa kodi kwa kawaida hayahitaji kutangazwa. Hata hivyo viza ya mwanafunzi hairuhusu kujiajiri, na viza za kazi nazo zina mipaka yake. Masharti ya viza yasomwe kabla meza ya kwanza haijatangazwa.

Mwaka wa kwanza wa udongo

Mkikabidhiwa kishamba kilichoota magugu, msikilime chote. Funikeni nusu kwa makaratasi ya maboksi yaliyoondolewa gundi za plastiki, mwagieni juu yake tabaka nene la mboji, na mlime nusu nyingine kwa uma wa shambani. Sepeto hukatakata mizizi myeupe ya magugu ya kutambaa, na kila kipande huwa mmea mpya, ilhali uma huing'oa ikiwa nzima.

Samadi ya farasi hutolewa bure na mazizi mengi, lakini malisho ya farasi wakati mwingine hupigwa dawa za magugu ambazo hupita tumboni mwa mnyama bila kuharibika na kuua nyanya, viazi na maharage. Pandeni mbegu chache za maharage kwenye chungu chenye samadi hiyo iliyochanganywa na udongo. Majani yakijikunja kama vikombe, mrudishieni mwenye zizi mzigo wake kwa heshima.

Hapa ndipo karakana na shamba hukutana, tena kwa tahadhari. Vumbi la msumeno na randa kutoka kwenye mbao nzima isiyopakwa kitu linaweza kuingia kwenye mboji kwa kiasi kidogo, likichanganywa na majani mabichi ili lisinyonye naitrojeni ya udongo. Vumbi la chipubodi, MDF (ubao wa nyuzi za mbao zilizoshindiliwa kwa gundi), mbao za rangi au za vanishi liende kwenye taka. Jivu la mbao safi lina potashi na hupunguza uchachu wa udongo, hivyo linafaa mboga za jamii ya kabichi, lakini lisiwekwe penye viazi. Mbao za kuzungushia matuta zitoke kwenye palati, yaani vichanja vya kubebea mizigo, zenye alama HT, zilizotibiwa kwa joto. Zenye alama MB zilifukizwa kwa sumu. Mataruma ya reli yaliyolowekwa kreosoti, dawa ya kuhifadhi mbao, yasikaribie chakula.

Sukuma wiki ndiyo mboga ya kuanza nayo, kwani baridi haiitishi. Mbegu hupandwa kitaluni Aprili au Mei, miche huhamishwa Juni au Julai kwa nafasi ya sentimita 45, na baada ya jalidi ya kwanza, yaani umande ulioganda, majani huwa matamu zaidi kwa kuwa mmea hugeuza wanga kuwa sukari ili usigande. Adui zake ni njiwa na vipepeo weupe. Wavu wa matundu madogo ulioinuliwa juu ya majani huwamaliza wote wawili.

Mchicha unataka joto. Mbegu imwagwe ndani ya nyumba dirishani mwishoni mwa Aprili, na miche itoke nje Juni, baada ya hatari ya jalidi kwisha. Kaskazini jalidi huweza kuonekana hata mwishoni mwa Mei. Mbegu zake huuzwa kwa jina la Kikaribi la calaloo, na hapa kwetu Leicester maduka ya Belgrave Road, mtaa ambao Wahindi waliofukuzwa Uganda mwaka 1972 waliujenga upya, huuza mchicha wenyewe, na wapo wazee wenye maduka wanaojibu salamu kwa Kiswahili fasaha. Msilete mbegu kutoka nyumbani ndani ya sanduku la nguo, kwa sababu mbegu za kupanda kutoka nje ya nchi hudai cheti cha afya ya mimea.

Mahindi ya nyumbani yana tatizo jingine. Mbegu nyingi za kitropiki huchelewa kutoa maua mchana unapokuwa mrefu, na mahindi hubaki majani matupu hadi baridi irudi. Chukueni mahindi matamu ya Ulaya, myaoteshe kwenye vikombe Aprili, na mkiyatoa nje myapande katika mraba, si mstari mmoja mrefu, ili upepo usambaze chavua vizuri. Maboga yapandwe karibu yake kwa ajili ya majani. Majirani watauliza mnakwenda wapi na hayo majani, nanyi mtawapikia kwa nazi.

Viazi hupandwa Machi hadi Aprili baada ya kuwekwa kwenye mwanga vichipue. Chagueni aina zinazokomaa mapema, kwa sababu ukungu wa viazi huingia sana kuanzia Julai.

Koa ndiye atakayewavunja moyo. Baada ya mvua ya usiku anaweza kumaliza mstari mzima wa miche. Dawa ya metaldehaidi imepigwa marufuku tangu 2022, hivyo njia zilizobaki ni kuwaokota kwa tochi usiku, kuwatega kwa bakuli la bia lililozikwa usawa wa udongo, au kumwagilia minyoo midogo maalumu wanaowaua, udongo ukiwa na joto la zaidi ya nyuzi 5. Kwetu mume wangu ndiye mwenye tochi na mimi ndiye mwenye kifundo cha sheraki. Mgawanyo huo haukupangwa, lakini umepunguza mabishano kuhusu nani atumie kibanda.

Oktoba, kabla jembe na uma hazijatundikwa, zioshwe, zikaushwe, chuma kifutwe kwa mafuta, na mipini ipigwe msasa mwembamba kisha ipakwe mafuta ya kitani kwenye kitambaa kilekile kitakachokauka nje. Kama mnapanga kwenda nyumbani kiangazi, likizo ya shule ikianza, hicho ndicho kipindi ambacho mchicha na maharage hudai maji kila siku chache na kuchumwa ili yaendelee kuzaa. Mwombeni jirani wa kishamba cha pembeni mapema, mwonyesheni bomba na pipa la maji ya mvua, na mwambieni achume kila kitakachokomaa mkiwa safarini.